Wageni wa Ghorofa ya Nne

Jumanne

Tumevuka mpaka wa Kavimvira asubuhi, kutoka Kongo kuingia Burundi, mimi, Shangazi na kibuyu cha mtindi. Kibuyu ndicho kilichotuchelewesha. Upande wa Gatumba, afisa wa afya alikagua kadi zetu za chanjo ya homa ya manjano, akaridhika, kisha akauliza kama maziwa ni ya biashara.

"Ni ya mwanangu," Shangazi akajibu.

"Yuko wapi?"

"Angani."

Afisa akatazama juu. Tukapita.

Mwana huyo ni binamu yangu, anaishi Marekani. Anakuja kumwona mama yake baada ya miaka mingi, ila mahali pa kuonana si kwetu Bijombo. Kutoka Uvira hadi kwetu ni kupanda kwa miguu mpaka juu ya mita 2,000, na miaka hii ya bunduki si kila mwenye miguu anayepita. Basi ametulipia hoteli Bujumbura, ndege zinakotua. Kutoka Uvira ni kilomita zisizofika 30. Kazi ilikuwa kuushuka mlima. Sisi tumefika, magoti ya Shangazi bado yako njiani.

Kwa wabadilisha fedha, noti yangu ya dola 20 ilikutwa na mpasuko pembeni, mdogo kuliko ukucha. Kijana aliiinua juani, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mzee mmoja. Walijadiliana kwa sauti ya chini. Ikapokelewa kwa bei ya mgonjwa. Nikapewa bunda la faranga za Burundi lisiloingia mfukoni, nikalitia ndani ya soksi ya akiba.

Hotelini msichana wa mapokezi alitupongeza kwa tabasamu kubwa. Tukashukuru, tukidhani ni kwa kufika salama. Chumbani tulikuta kitanda kimoja kipana, maua mekundu yametawanywa juu yake, na taulo mbili zimekunjwa kuwa ndege wawili wanaobusiana. Binamu alikuwa amejaza fomu kwa intaneti: chumba kimoja, watu wazima wawili, tukio maalumu.

Shangazi aliwatazama wale ndege kwa muda.

"Mwambie huyu binti," akaniambia, "kwamba mimi ni dada ya baba yako, na baba yako nilimbeba mgongoni."

Nikaenda kumwambia. Msichana akaomba radhi, akasema kipo chumba cha pili ghorofa hiyo hiyo ya nne, na tuchague: kinachotazama maegesho ya magari, au kinachotazama Ziwa Tanganyika na milima, ambacho bei yake ni ya juu zaidi. Shangazi akauliza milima ipi. Akaonyeshwa dirishani. Ilikuwa milima ya Uvira, yetu.

Akachukua cha maegesho. "Ile nimeshaiona," akasema.

Jioni ujumbe umeingia. Ndege ya kwanza ya binamu ilichelewa, ya pili haikumsubiri. Yuko Addis Ababa. Anasema tupumzike, tufurahie mji.

Jumatano

Chakula cha asubuhi hapa ni cha kujipakulia. Meza ndefu, mayai, mikate, matunda, sufuria zenye moto chini yake. Shangazi aliketi wima, mkoba magotini, akangoja.

Nikamwambia kwamba mtu huinuka akachukua.

"Hawajatukaribisha."

"Shangazi, wameshakaribisha. Ndiyo maana vyakula viko mezani."

"Mgeni hafunui sufuria za watu."

Sikuwa na jibu, na peke yangu nisingeweza kula mbele yake. Wahudumu walipita mara kwa mara wakituona hatuna sahani, wakajua tumemaliza. Mmoja aliuliza kama tumefurahi. Shangazi alisema nyumba ni tulivu. Saa nne meza ikaondolewa. Tukatoka nje tukanunua ndizi kwa mama wa kando ya barabara, aliyetukaribisha kabla hatujafungua mdomo.

Binamu ametuma orodha ya vitu vya kuona karibu nasi. Ni ndefu, ina picha na nyota. Juu yake pameandikwa kwamba tuko mji mkuu wa Burundi. Mji mkuu wa kisiasa ulihamia Gitega mwaka 2019. Hapa pamebaki mji wa biashara. Cha kwanza kwenye orodha, kwa hiyo, kilifaa: Soko Kuu. Dereva wa teksi alisikiliza, akatupeleka bila neno, akasimamisha gari.

"Lilikuwa hapa," akasema.

Soko Kuu la Bujumbura liliteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia kabla ya kuondoka hotelini. Alisema hatukumwuliza kama lipo, tulimwambia atupeleke.

Nauli ilikuwa ya kwenda na kurudi.

Cha pili kilikuwa Musée Vivant, bustani ya wanyama iliyofunguliwa mwaka 1977. Hiyo ipo. Tulisimama mbele ya mamba. Hakusogea. Bwana mmoja mwenye watoto alisema ni sanamu, mkewe akasema yu hai, watoto wakagawanyika. Shangazi alisema mnyama asiye na kazi hulala, tumwache. Nikapiga picha. Simu ilikuwa imegeuzwa, na sasa nina picha yangu nikimtazama mamba kwa makini, mamba hayumo.

Alhamisi

Asubuhi tumepanda kilima cha Vugizo, kwenye kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Aliuawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache baada ya chama chake kushinda uchaguzi, na uhuru aliopigania ukaja Julai 1962 bila yeye. Shangazi alisimama muda mrefu, kisha akauliza nani anafagia ua ule, maana umefagiwa vizuri. Kijana mmoja aliyekuwa akionyesha wageni mandhari akatugeukia, akanyoosha mkono ng'ambo ya ziwa, akatueleza kwa upole kwamba milima ile ni Kongo.

"Najua," Shangazi akasema. "Nimefunga mlango huko."

Tuliporudi umeme ukakatika. Hili lisingenihusu kama nisingekuwa ndani ya lifti. Shangazi hapandi lifti. Anasema chumba kinachohama hakina adabu. Mimi nilipanda pamoja na mhudumu aliyebeba sahani iliyofunikwa, ndani yake mukeke wa kukaanga wa mgeni wa ghorofa yetu. Tulisimama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Mhudumu alisema jenereta litawaka. Baadaye akasema jenereta lina shida ya mafuta. Baadaye tena akasema mtu alikwenda kutafuta mafuta tangu jana, na foleni za mafuta mjini humu nazijua.

Simu yake ikalia. Ni mgeni, anauliza samaki.

"Yuko njiani," mhudumu akajibu. Haikuwa uongo.

Nikasikia hatua za Shangazi ngazini.

"Mwalimu, bado umo?"

"Nimo."

"Haya."

Akapanda. Baada ya muda akashuka tena, akakokota kiti, akakiweka ngazini karibu na mlango wetu. Alitupa habari za ghorofa zote. Alimwuliza mhudumu kwao wapi, mama yake anaitwa nani, kama ameoa. Mhudumu alijibu yote. Hakuwa na pa kwenda. Lugha yetu ya milimani na Kirundi zinaelewana, hivyo hata ukoo wake ulipitiwa mpaka babu wa pili. Giza lilipoingia Shangazi alisema samaki baridi hurudishwa jikoni, na kurudishwa ni aibu kwa kijana. Mantiki ilikuwa nzuri. Umeme uliporudi, sahani ilikuwa na miiba, kichwa na ndimu.

Mgeni wa ghorofa ya nne ameletewa mwingine. Ninasikia ukutani akisifu kwamba ana joto.

Binamu bado yuko Addis Ababa. Anauliza kama hoteli ni ya starehe.

Ijumaa

Orodha inasema: jiwe la Livingstone na Stanley, Mugere, kama kilomita 12 kusini mwa mji. Dereva wa leo alikuwa mkweli. Alisema mafuta yaliyomo yanatosha kwenda au kurudi. Tukaenda.

Yakaisha kabla ya kufika. Dereva na mimi tukasukuma. Shangazi alibaki kiti cha mbele, mkoba magotini.

"Shangazi, ungeshuka kidogo tu."

"Nimelipia kuketi."

Vijana wa kijijini wakasaidia, tukasogea hivyo mpaka Mugere, Shangazi akiwapungia mkono wale aliopishana nao.

Jiwe ni kubwa, jeusi jeusi, limechongwa majina mawili na tarehe: 25 Novemba 1871. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo nilieleza. Wazungu wale walikutana Ujiji, wakaja kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakalala hapa usiku mbili. Walitaka kujua jambo moja: mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka? Ulaya walikuwa wakibishana, maana kama unatoka, labda ndio mwanzo wa Nili. Wakaenda wakautazama. Unaingia.

"Si wangeuliza?" Shangazi akasema.

"Waliuliza. Wazungu wengine, Burton na Speke, walifika Uvira mwaka 1858, wenyeji wakawaambia unaingia."

"Kisha?"

"Kisha baada ya miaka 13 wakaja hawa kuhakikisha."

"Wakaandikwa jiweni."

"Ndiyo."

"Na yule wa Uvira aliyewaambia?"

"Hakuandikwa."

Shangazi alilizunguka jiwe, akalitazama nyuma pia, kama nafasi ingekuwepo. Kisha akauliza tunarudije.

Tulirudi kwa daladala hadi pembeni ya mji, halafu kwa tuktuk. Tuktuk ikatuacha mbali na hoteli, kwa sababu Machi 2022 baiskeli, pikipiki na tuktuk zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Tulitembea kilichobaki. Kiatu changu cha kulia kilifunguka mdomo karibu na kanisa kuu la Regina Mundi, kikawa kinapiga makofi mpaka hotelini.

Jumamosi

Nilitoka mapema kwenda Buyenzi kutafuta fundi viatu. Mlinzi wa lango akanizuia kwa heshima: Jumamosi asubuhi ni kazi za pamoja za mtaa, maduka yamefungwa, magari hayatembei mpaka kazi iishe. Nikarudi kuketi. Shangazi hakuketi. Aliona wafanyakazi wa hoteli wakifagia nje, akasema wanashika fagio kama wanaogopa kuliumiza, akalichukua. Alifagia mbele ya hoteli, mbele ya duka la jirani, akaendelea mpaka kona. Kiongozi wa mtaa akamshukuru mbele ya watu, akamwuliza anakaa nyumba namba ngapi. Shangazi akaonyesha ghorofa ya nne.

Baadaye Buyenzi. Huko Kiswahili ni cha nyumbani, na mafundi wa magari wamepanga injini barabarani kama watu wa kwetu wanavyopanga viazi. Fundi viatu alinisikia nikitaja bei tu, akasema, "Wewe ni wa Uvira." Nikasema wa Bijombo. Akauliza kama huko kuna viatu. Akashona vizuri, lakini kiatu cha kushoto, ambacho hakikuwa na tatizo. Cha kulia akakishona kwa bei ya pili.

Usiku hotelini kulikuwa na harusi. Kwanza wapiga ngoma, wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga. Mchezo huu wa ngoma za kifalme za Burundi uliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Ulikuwa chini ya chumba changu. Glasi ya maji mezani ilitembea yenyewe mpaka ukingoni, nikaidaka.

Nikashuka kuwaomba wapunguze. Nikamkuta Shangazi meza ya mbele. Alikuwa amepita ukumbini kuelekea ngazi, amevaa vitenge vyake vya safari, mtu akamwambia, "Shangazi, mbona umechelewa?" Yeye ni shangazi. Akaketi. Walikuwa wakimngoja shangazi wa bibi harusi kutoka Gitega. Aliletewa chakula, akahudumiwa, hakuinuka. Alipoombwa kusema neno alisimama, akawaombea ng'ombe na watoto, akamwonya bwana harusi kuhusu kunyamaza kwa siku nyingi. Walipiga makofi. Mama wa bibi harusi alilia.

Shangazi wa Gitega alifika wakati wa keki. Akapewa kiti pembeni. Wawili hao walizungumza mpaka saa nane usiku na sasa wana namba za simu.

Jumapili

Binamu ameandika kwamba anapanda ndege leo, na akauliza: "Mmeshamwona Gustave?"

Nikamsomea Shangazi. Akauliza ni mtoto wa nani.

Nikaeleza kwamba Gustave ni mamba wa mto Rusizi na ufuo wa kaskazini, anayesemekana kuwa na urefu wa zaidi ya mita sita, aliyelaumiwa kwa vifo vya watu wengi. Mfaransa Patrice Faye ndiye aliyempa jina hilo na akajaribu kumnasa kwa kizimba cha chuma. Filamu zikatengenezwa. Mamba hakuingia.

"Waliweka nini ndani ya kizimba?"

"Nyama."

"Hawakumkaribisha," Shangazi akasema.

Tulikwenda ufukweni, Saga. Watu wengi, muziki, wauza ndagala wa kukaanga. Orodha inasema Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Shangazi aliingia mpaka kifundo cha mguu, akasema inatosha. Viatu vyetu tuliviacha kwenye majani, vyangu vikiwa vipya kabisa kwa nyuzi.

Jua lilipozama kiboko akatoka majini. Watu wa hapa wamezoea: waliinua sahani zao, wakasogea nyuma kwa utaratibu, muziki haukuzimwa. Kiboko akasimama kati yetu na viatu, akaanza kula majani. Wanakula usiku, na hawana haraka. Shangazi alimtazama kwa jicho la mtu anayenunua.

"Anakula vizuri," akasema. "Wanamkamua?"

Tulingoja. Alipokwenda zake, viatu vya Shangazi vilikuwa salama. Changu cha kulia kilikuwa kimekanyagwa kikaingia mchangani, sikukipata gizani. Mlinzi wa hoteli alinitazama miguu, akanifungulia lango bila swali. Nimevaa ndara za hoteli, zilizoandikwa jina la hoteli, mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine.

Jumatatu

Tumekwenda uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye. Abiria wakatoka. Shangazi alimwona kijana mrefu mwenye koti, akamkumbatia, akalia kidogo, akamwambia amekonda. Kijana alikubali yote, akampigapiga mgongoni, akasema asante Mama, kisha akatazama huku na huku akitafuta msaada. Binamu alikuwa nyuma yake, amenenepa, mikono imelegea, akingoja zamu yake.

Zamu yake ilipofika, ilichukua muda mrefu. Nilibeba mizigo. Haikuwepo. Masanduku yamebaki Addis Ababa.

Garini alisema kitu kimoja alichokiota miaka yote ni mtindi wa nyumbani. Kibuyu chake kilifukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, kikafungwa kifuniko cha ukindu, kikashushwa mlima mzima begani kwangu bila kumwagika. Tangu Jumanne kilikuwa katika friji ndogo ya chumba cha Shangazi. Ili kiingie, alitoa chupa zote za hoteli akazipanga barazani kwa safu.

Tulipofungua friji, chupa zilikuwa zimerudi. Kibuyu kilikuwa mezani, kimeoshwa kwa sabuni, ndani yake limechomekwa ua. Dada wa usafi alieleza kwa upole kwamba maziwa yalikuwa yameganda.

Hakuna aliyesema kitu. Binamu alikinusa kibuyu. Kilinukia malimau ya dukani. Shangazi akamwambia yule dada asijali, maana amefanya kazi yake vizuri, kisha akakaa kitandani na mkoba wake.

Mapokezi walileta hesabu. Chupa zote, zilizochemka kwa jua barazani, zimeandikwa kwetu. Binamu amelipa kwa kadi. Anauliza kesho twende wapi katika orodha yake. Shangazi amesema mwaliko umeshatoka kwa yule mama wa harusi, wote watatu, chakula cha mchana, na huko watu hupakuliwa.

Kwa wenzangu ambao watoto wenu wako ng'ambo na siku moja watawaandikia hoteli: waambieni waandike vyumba viwili, na sehemu ya tukio maalumu waiache wazi. Orodha ya simu msomeeni kwanza mlinzi wa lango; yeye anajua kilichopo na kilichoungua. Dereva mwulizeni mafuta kabla ya bei. Na asubuhi inukeni mkapakue hata kama hamkukaribishwa, kwa sababu saa nne wanaondoa.